Hesabu Ninazozisikia Dirishani

Mama Nelima mpendwa, naomba unisaidie kwa maana sina mwingine wa kuuliza. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikaanguka hesabu, na bila hesabu chuo cha ualimu hakinichukui, kwa hiyo mama alinitoa Luanda Kotieno nije nikae na dada yangu Beldina hapa Migosi nijiandae kurudia mtihani. Dada huenda sokoni Kibuye alfajiri na kurudi amechoka, na rafiki yangu Waringa niliyekuwa nikisoma naye amekwenda chuo Nyeri, basi mchana kutwa sauti ya pekee nyumbani ni ya redio, na wakati mwingine naijibu.

Mwalimu Kageha hutufundisha jioni katika ukumbi wa kanisa. Siku moja aliniita ubaoni nifanye 8 − 5 + 2. Shuleni tuliimba Bodmas, kwamba mabano kwanza, mwishoni kujumlisha halafu kutoa, basi nikajumlisha 5 na 2 nikapata 7, nikaitoa kwenye 8, nikaandika 1, na Simeon aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Dada, kwenu Kotieno samaki wakiongezwa ndio wanapungua?" Darasa zima likacheka. Mwalimu alisema, "Nyamazeni! Apiyo, jaribu tena," lakini nilikuwa nimeshatoka.

Tangu hapo siingii. Naondoka nyumbani na daftari, nakaa nje chini ya dirisha nasikiliza, na dada akiuliza, "Masomo yalikuwaje?" nasema mazuri. Nasikia vizuri, maana siku hizi Mwalimu hulifungua dirisha lote hata mvua ikinyesha, na husoma kila hesabu mara mbili. Lakini juzi alisema hasi tatu kwa kipeo cha pili ni tisa, halafu baadaye kidogo akasema hasi tatu kwa kipeo cha pili ni hasi tisa, na hakuna aliyeshangaa ila mimi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapeleka majina ya watakaofanya mtihani, ya wanaohudhuria tu. Pengine kichwa changu hakikuumbiwa hesabu. Nirudi nyumbani nimsaidie mama kuanika omena?

Apiyo, Migosi

Apiyo mwanangu,

Tuanze na hesabu, maana machozi hayataifanya. Kichwa chako ni kizima, na Mwalimu hakukosea. Ya kwanza imeandikwa (−3)². Mabano yameifunga hasi pamoja na tatu, kwa hiyo ni hasi tatu mara hasi tatu, nayo ni tisa. Ya pili ni −3², haina mabano. Kipeo kimeshika tatu peke yake, unapata tisa, ndipo unairudisha hasi mbele yake. Waliokuwa ndani waliona. Mabano hayasikiki dirishani.

Na wimbo wenu uliwaficha jambo moja: kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Unatoka kushoto kwenda kulia. Nane toa tano ni tatu, ongeza mbili, ni tano. Kosa lako limefanywa na wengi, na sitashangaa Simeon akiwa mmoja wao.

Sasa nikugombeze. Dada yako anadamka kwa ajili yako, nawe unamlipa kwa uongo kila jioni! Mwambie leo, mkiwa mnapika.

Halafu soma tena barua yako. Ni nani hufungua dirisha mvua ikinyesha? Na kwa nini asome mara mbili hesabu ambayo wote walio mbele yake wanaiona? Mwalimu Kageha anajua uko pale, msichana wee. Amekuita kwa njia pekee isiyokuaibisha, nawe umemwacha aloweshe sakafu ya kanisa.

Usingoje Jumamosi hiyo. Kesho fika kabla ya wenzako, ukae benchi la mbele. Mwambie, "Mwalimu, nimerudi, niandike jina." Usiongeze neno. Akikuita ubaoni ukakosea tena, hata wakicheka, usitoke. Simama papo hapo mpaka upate jibu. Omena wako ziwani, hawana tarehe ya mwisho.

Na ukishaingia, kama kunanyesha, funga dirisha.

Mama Nelima