Naim Anaomba Kura

Kitale, Oktoba 2007

Kwako Mama,

Tulimaliza mfungo salama na Idd imekuwa njema, isipokuwa mahindi bado yako shambani na mvua haitaki kukatika. Mwanao Hillary anakusalimu.

Jana tulioka keki. Dada yangu Mulki alipanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria, nami nikamkalisha mjukuu wako Naim kwenye mkeka, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Harufu ilipoanza kutoka akanyoosha mkono na kusema, "Kura. Kura."

Mulki akacheka. "Ati kura? Hata huyu anasimama ubunge, bana?" Majirani wakaja kumpigia makofi, maana huku magari ya kampeni yanapita siku nzima.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka ile miezi niliyolazwa hospitalini kwa ajili ya kifua, ukakaa naye huko Bokoli ukimlisha uji: "Kura, baba, kura." Usiudhike, Mama. Hivyo ndivyo unavyosema "kula".

Hillary ameniambia kwa nini hukuja Idd. Ati mtoto wa mwaka mmoja husahau haraka, na hutaki kumwona akilia kwa kukuona mgeni.

Mulki anataka tumfundishe kulisema neno hilo vizuri. Nimemkataza. Njoo Krismasi, tutakuokea keki yako. Naim hajakusahau, Mama. Kila akisikia njaa, anaongea kwa mdomo wako.

Mkwe wako,
Shamira