Kengele ya Mathes

Wifi yangu Regine,

Natumai miguu imepungua kuvimba huko Ujerumani. Huku matofaa yamezaa mpaka nayagawa bure. Wageni wanaozuru makanisa yetu ya kale hapa Transilvania, Rumania, hawakauki, na ufunguo ninao mimi, Msaksoni wa mwisho kijijini tangu ninyi Wajerumani wenzangu wote mlipohamia huko.

Jana niliwapandisha mnarani mwa kanisa, ambamo zamani kila ukoo ulihifadhi nyama yake ya nguruwe, nikawaonyesha kulabu ya ukoo wetu. Mmoja, kumbe anatoka mji wenu, akalisoma jina letu lililochorwa juu yake, akashtuka.

"Kumbe wewe ndiye dada yake Mathes? Pole sana, mama. Tulimzika Pasaka."

Pasaka, wifi! Kifo cha kaka yangu, mumeo, nakisikia kwa mtalii! Na barua nilizomwandikia kiangazi chote, ulikuwa unamsomea nani?

Unaijua desturi: Msaksoni akifa, hata ughaibuni, kengele ya kijijini kwao humlilia. Basi nikawaacha wageni wameduwaa, nikashika kamba, nikaipiga mpaka mikono ikafa ganzi.

Nilipoiachia, yule mmoja alikuwa amevua kofia. Wenzake wakanipigia makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi.

Niliwafungulia lango, nikawatakia safari njema.

Ni mimi wifi yako, kama bado wanihesabu,
Rosina