Nani Ashike Jina Kuu la Kompyuta Yetu

KIKUNDI CHA KINA MAMA WACHAPAJI, IGOGO, MWANZA
Kikao cha dharura, 10/8/1999, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Akumu Ogweno (Mama Okeyo), Mwenyekiti, Celestina Longino, Mweka Hazina, Paskazia Chenge, Mjumbe, Kija Nkwabi, Katibu.
Asiyekuwepo: Roza Opiyo, anamuuguza mama yake Musoma.

Dada Roza, nakala hii ni yako. Kwanza shikamoo nyingi kwa mama mgonjwa, shikamoo kwa baba, habari za shemeji Opiyo, za mdogo wako Akinyi, na za yule anayenyonya, meno yameshatoka? Sisi wazima wa mwili, mioyo ndiyo haijatulia.

KUMB. NA. 1/99: KADI ZILIZOFUTIKA
Mwenyekiti alieleza kwamba kadi zote za harusi alizochapa Celestina zimekutwa zimefutika kwenye kompyuta. Alisema virusi vya disketi viliua mfumo wa zamani, tukaletewa mfumo mpya, hii Linux, tukaambiwa haiugui, kumbe nayo inaugua.

Celestina alijibu kwamba kaka yake Muganyizi, aliyetuwekea, hakusema haiugui. Alisema virusi haviishiki kirahisi iwapo kila mtu ataingia kwa jina lake dogo, aguse vya kwake tu. Jina kuu linagusa vyote, kwa hiyo lishikwe na mmoja na litumike kwa nadra. Mwenyekiti ndiye aliyekataa jina dogo, ati hawezi kulingana na wajumbe, akawa anaingia kwa jina kuu hata kuchapa barua moja.

Paskazia aliuliza, mfumo ambao kila mtu anaruhusiwa kuutazama ndani, wezi hawautazami? Celestina alisema wanautazama, ila na mafundi wengi wanautazama, wakiona tundu wanaliziba.

Celestina alimuuliza Mwenyekiti neno lake la siri. Mwenyekiti alikataa kulitaja.
Paskazia: "Si okeyo?"
Mwenyekiti: "Nani kakwambia?"
Paskazia: "Mama Okeyo, si tunakuita hivyo kutwa nzima, na wateja wamekaa pale kwenye benchi!"
Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliyefuta hakujulikana. Mwenyekiti alimtazama Paskazia, Paskazia akamtazama Katibu. Katibu hakufanya.

KUMB. NA. 2/99: MSHIKA JINA KUU
Celestina alijitolea kulishika. Mwenyekiti alisema, "Fundi kaka yako, hazina yako, na jina kuu nalo lako? Tuje tukupigie magoti?" Celestina alisema wivu huo utatulaza njaa, wenye harusi wanazitaka kadi Jumamosi. Paskazia alijitolea, hakuungwa mkono. Katibu naye alijitolea, Mwenyekiti akaagiza tuendelee.

Ndipo likatajwa jina la Roza, na wote walikubali mara moja, kwa kuwa hayupo. Muganyizi atakusubiri stendi ukishuka basi, uende uweke neno jipya wewe mwenyewe. Kuanzia hapo kila mtu atatumia jina dogo. Mwenyekiti alikubali, mradi lake liandikwe la kwanza.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, chai haikunywewa.

Mwenyekiti: A. Ogweno
Katibu: K. Nkwabi

Dada Roza, haya naongeza Mwenyekiti akiwa ameshatia sahihi. Mpe dereva wa basi la kesho jibu lako, unakuja au huji, maana Jumamosi ni hii hii. Na ukishaliweka hilo neno usimwambie mtu. Hata mimi, dada, nikikubembeleza vipi, usiniambie.