Mwenye Kitambaa Ndiye wa Kumpima

Chumba cha Cherehani,
Juu ya Duka la Rangi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka, Bwana Hoja wetu,

Shikamoo. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, na wale mapacha wameacha kung'atana? Sisi huku wazima wa afya. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake haujapata kuugua.

Kaka, harusi ya mdogo wetu ilifana jana. Nimecheza mpaka leo viatu havinitaki. Lakini gauni nusura litutie aibu, na wewe hukosi lawama.

Juma lililopita niliandika mtandaoni kwamba gauni la harusi linafaa liwe na mifuko, kwani bibi arusi naye hutokwa na machozi na leso hana pa kuiweka. Kumbe nimechokoza nyuki. Watu nisiowajua wakanijia juu: thibitisha, jitetee, asiyejibu ameshindwa. Mmoja alikuwa ameweka picha ya gari mahali pa sura yake. Nikakumbuka wewe husema anayetoa maoni hadharani anadaiwa hoja, basi nikawajibu wote, simu mkono huu, mkasi mkono huu.

Hapo ndipo nilipokata mikono ya gauni bila kukigeuza kitambaa. Nilipokuja kushona, yote miwili ni ya kushoto. Na kile kitambaa ulichotutumia hakikubaki hata cha kufunikia kifungo, harusi yenyewe kesho kutwa. Nilikaa chini nikalia, kaka.

Mama akaingia, akatazama gauni, akatazama simu.

"Hao wanaopita huko chini wakaangalia nguo zako dirishani, huwa unawakimbilia ukabishane nao?"

"Hapana, mama."

"Basi. Mwenye kitambaa ndiye wa kumpima. Wengine waache wapite, mwanangu, njia si yako."

Nikazima simu. Tukapunguza mkia wa gauni, tukapata mkono wa kulia. Mdogo wetu alipoambiwa alicheka tu, akasema afadhali, alikuwa anawaza nani atamkanyagia huo mkia.

Sisemi watu wasibishane. Kuna fundi viatu aliniuliza mfuko unashonwaje usivute gauni, nikamweleza kwa raha zote, maana alitaka kujua. Lakini kusema langu si kuita dunia nzima ulingoni.

Jana, wakati wa picha ya familia, bibi arusi aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni akatoa picha yako, akaishika kifuani katikati yetu. Mpiga picha ilibidi angoje tufute machozi. Nilifurahi, kaka, nikakutamani.

Najua hapo umeshapata la kunipinga. Usiliandike, njoo nalo. Wewe si mpita njia, wewe nitakujibu mpaka usinzie mezani.

Mbusu wifi na mapacha. Mama anakuombea, bibi arusi na mumewe wanakusalimu. Mungu awafunike kwa heri, awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi wako nikupendaye,
Dada yako, mshona mifuko.