Nukta Mbili za Baba

Kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, japo ya kulia ina grisi na karatasi hii itakuwa imeshakuambia kabla yangu. U hali gani? Mgongo unaendeleaje, na hiyo kazi ya ghalani bado inakukalisha kutwa kwenye kile kiti kisicho na egemeo? Huku tu wazima. Mama anayalalamikia magoti asubuhi na kuyasahau jioni. Baba anatembea polepole, ila kusema anasema haraka vilevile. Mimi sina haja ya kujieleza: nimenenepa, nimependeza, na gereji yangu ina mlango mpya wa bati ulioandikwa Daktari wa Magari kwa rangi nyekundu, na chini yake niliandikisha jina langu. Herufi moja ilikosewa, lakini wateja hawaji kusoma.

Usishangae urefu wa barua. Mtu aliyeacha shule darasa la sita akijaza kurasa tatu, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe ni lori la Baba. Mdogo wetu, yule tuliyekuwa tukimbeba mgongoni kwa zamu, ndiye anayeliendesha tangu mwaka jana. Anabeba kokoto kutoka machimboni, na wapakiaji wanamwita Bosi bila utani wowote. Kiangazi hana shida. Lakini kile kilima cha machimboni kikinyeshewa kinakuwa sabuni, na lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake halifiki juu. Unaikumbuka amri ya Baba, kwamba zile loki zinazoyafunga magurudumu ya mbele kwenye ekseli yake mtu asiziguse tena. Masika iliyopita Bosi aliitii amri, akakaa nyumbani siku kumi na saba akitufokea. Safari hii mvua moja iliyopotea njia ikamkuta kilimani na mzigo. Akashuka, akazungusha loki zote mbili kwa mkono wake, akaingiza gia ya mbele, ile inayoyapa nguvu magurudumu hayo, akapanda kama mbuzi. Alipofika lami akatoa gia, loki akazisahau. Mwendo ulipofika arobaini, ngurumo ikaanza chini ya miguu yake, na usukani ukamtetemesha mpaka kwenye meno.

Akaniletea. Akasema kama mimi ni daktari kweli nimtibu mgonjwa huyu, na kama si daktari nifute mlango.

Kaka, unanijua. Nimetengeneza majenereta ya meli katika bandari tatu, nimeamsha trekta lililokuwa limetagiwa mayai na kuku miaka miwili. Nilizunguka na lori mara moja tu, nikashuka, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba ni beringi ya gurudumu la kushoto. Nikaitoa, nikaweka mpya. Ngurumo palepale. Jirani yangu fundi wa kuchomelea, mtu mbaya sana lakini tunapatana, akaniuliza lori hili lina kushoto ngapi.

Nikatulia, maana aibu nayo ni mwalimu. Nikafanya taratibu kama Baba alivyotufundisha. Nilikata kona kulia, nikakata kushoto, nikisikiliza kama sauti itabadilika. Haikubadilika, basi magurudumu nikayaacha. Nikafungua loki: kimya. Nikazifunga bila kuingiza gia ya mbele: ngurumo ikarudi. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye vile vyuma vinavyozunguka pale tu loki zinapofungwa, yaani difu ya mbele, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na propela yake, ule mhimili mrefu unaoiunganisha na gia.

Nilichotarajia kukikuta unakijua. Miaka tisa nyumba nzima tunaamini kwamba ulipobadilisha sili ya difu ile, mpira wa kuzuia oili, uliikaza nati mno, ukaua beringi, na ngurumo ikaanzia hapo. Baba alikuambia mbele yetu sote, "Mikono yako haina macho." Wiki ileile uliondoka, na spana zako ukaziacha ndani ya gunia, safi, zimepangwa kwa ukubwa kama vyombo vya wageni.

Nilimwaga oili ya difu nikapitisha sumaku ndani yake. Hakuna hata unga wa chuma. Nikaishika shingo ya difu nikaitikisa, haichezi. Nikaizungusha kwa kidole, laini kama droo ya benki. Kaka, kazi ile uliifanya ukiwa na miaka ishirini na miwili, umelala chali juu ya katoni, na mimi mwenye bandari zangu tatu siiwezi hata leo.

Nikafungua propela, nikaendesha bila hiyo, loki zimefungwa. Lori likaenda kimya mpaka nikasikia funguo zikigongana. Bosi, aliyekaa kando yangu, akasema basi kibaya ni hicho chuma, tutafute kingine. Niliirudisha propela mezani nikaikagua misalaba yake, vile viungo vya ncha hii na ile, yote mizima. Ndipo nikachukua brashi na mafuta ya taa, nikasugua pale katikati ambapo vipande viwili vinaingiliana, nikitafuta nukta mbili za Baba.

Unazikumbuka. Alizigonga mwenyewe wiki aliyolileta lori nyumbani, moja kila kipande, akatuita tuzione. Nukta zikitazamana, misalaba inakwenda hatua moja. Zisipotazamana, kila mmoja unavuta kwake, na propela inanguruma kama mtu aliyeonewa. Basi hazikuwa zinatazamana. Kati yake paliingia kidole changu kizima.

Sasa ngoja nikae vizuri. Hapa ndipo barua ilipokuwa inaelekea tangu juu, na mimi nimekuwa nikizungukazunguka kama dereva asiyetaka kufika.

Siku ile uso wako ulikuwa chini ya difu. Ulinipa propela niiweke kando. Ikatengana mikononi mwangu, kipande huku, kipande kule. Hukuona. Nikavichomeka, nikavipiga teke dogo vikaingia, na ulipoiomba nikakurudishia. Nukta sikuzitazama. Wenzangu walikuwa wameshaanza mpira. Lori lilipoanza kunguruma, Baba aliniita nyuma ya nyumba kabla hajakuita wewe. Aliniuliza jambo moja tu: "Propela haikutengana?"

Nikasema, "Haikutengana."

Neno moja, Kaka. Ningesema kweli, Baba angeingia chini akaziona nukta zake, na wewe ungekuwa fundi mpaka leo, tena mlango huu ungekuwa wako na mimi ningekuwa nafagia. Mwanzoni nilidhani ngurumo itapita. Kisha nikadhani utarudi. Kisha nikawa maarufu, nikachekesha watu miaka tisa ili nisijisikie.

Baba nimeshamwambia. Sikutaka kweli hii uanze kuisikia wewe, halafu ukimwambia ionekane unanisingizia. Nilimpelekea propela begani, nikaiweka miguuni pake. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye nukta ya kwanza, akaenda ya pili, akarudia. Nikangoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akauliza unaweza kufika kwa siku ngapi. Baadaye akasema uandikiwe maneno haya, nami nayaweka bila kutia chumvi: "Mikono isiyo na macho ilikuwa yangu. Sikuinama kuangalia."

Amekataza mtu yeyote asiiunganishe propela hiyo. Iko mezani kwangu chini ya kitambaa, nukta zimepishana kama tulivyozikuta. Bosi amefoka kwamba mvua haijui mambo ya ndugu, na kwamba umebaki mwezi mmoja kabla kilima hakijawa sabuni. Baba akamjibu basi amwombee kaka yake njia nyepesi. Spana zako nimezitoa kwenye gunia. Nilichukua na kitambaa cha kuzisafishia, nikakirudisha, hazikuhitaji.

Msamaha siuombi kwa barua. Njoo unipe ukiwa na spana mkononi, hata kama utaanza kwa kunipiga nayo. Na kama moyo hautaki kuja, niandikie hivyohivyo, nami nitamsomea Baba neno kwa neno, bila kukupamba wewe wala kujipamba mimi.

Mama anasema salamu zake hazitumwi, utazikuta kwake. Bosi anakusalimu kwa kelele. Mshike mkono shemeji yangu, na watoto waambie baba yao mdogo ni mnene na anajua mizaha, mengine watayajua wakikua.

Ni mimi mdogo wako,
Daktari, ambaye mlango wake tangu jana hauna jina.