Hotpoti Yenye Alama ya Rangi ya Kucha

Uyole, Mbeya
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa na mvua haijaharibu maharage. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauko sawa, ndiyo maana wiki hii sikupokea simu zako. Unaulizia hotpoti yako ya bluu. Najua umeshamwambia dada Lusia kwamba nimemhonga msichana.

Mama, hotpoti haitarudi. Imefungwa kwenye pipa la njano pamoja na takataka za mionzi.

Kazi yetu chuoni nilikueleza: tunaitia mbolea mionzi kidogo, tuone mahindi yanaivutaje. Ndani ya maabara ile hata pipi huruhusiwi kumumunya, na mimi ndiye ninayewafundisha wageni sheria hiyo, tena kwa ukali. Lakini umeme ulipokatika huku Uyole siku mbili, nikaona kuku uliyenitumia ndani ya hotpoti ataharibika. Nikaificha kwenye friji ya sampuli ya maabara, inayotumia jenereta, nyuma ya chupa.

Jumatano wakaja wakaguzi, wakaikuta. Mkuu wetu, Dokta Asukile, akaigeuza akaona ile alama uliyopaka kwa rangi ya kucha isipotelee misibani. Akasema vijana hawaweki alama kwenye vyombo, hiki ni chombo cha mama wa nyumbani. Na mtu mzima wa hivyo tunaye mmoja tu, Mama Damari anayesafisha sakafu. Akaitwa, akasema si chake. Alipoulizwa ni cha nani, akanitazama kidogo, akasema hajui. Amesimamishwa kazi, na kesho saa nne kamati inaamua kama afukuzwe.

Dokta aliniuliza na mimi. Niliuogopea mkataba wangu, nikasema chombo kile sijawahi kukiona. Nimekula chakula humo tangu darasa la kwanza, mama, nikakikana mbele za watu.

Wewe husema mficha uchi hazai, basi nimalizie. Mama Damari anajua ni yangu. Krismasi ulipotuma chapati tulikula naye uani kwenye hotpoti hiyohiyo, akaisifia alama, akasema na vya kwake hupaka hivyohivyo. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Alhamisi nilimwona sokoni nikajifanya nachagua viazi. Mtu mzima yule ndiye akaanza kunisalimia mimi.

Naona aibu, mama. Kesho nitaingia kwenye kamati kabla yake niseme ni yangu. Nikifukuzwa, usiwaambie majirani nimekuja likizo. Waambie nilichofanya.

Mpe baba shikamoo yangu, na dada Lusia msalimie. Mama Damari naye anakusalimu sana, anauliza kama mguu umepona. Salamu hizo alinipa palepale kwenye viazi, na nimekaa nazo siku tatu.

Mwanao,
Jailos