Babu Yangu Kapata Thelathini kwa Thelathini

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kabla ya kuuomba natangaza msimamo nitakaoutetea mbele ya yeyote: kumsikiliza mzee mwenye huzuni ni taaluma, na mtu hawi mtaalamu kwa sababu tu naye ana mvi. Nina shahada ya ushauri nasaha, nimesoma vitabu ambavyo wengi wanaonibeza hawajaona hata majalada yake, na tangu mwaka huu uanze nasimamia mpango wa zahanati yetu ambamo wastaafu wa kujitolea huwatembelea wazee wenzao waliofiwa au walioachwa peke yao.

Niliyoyakuta ni kichekesho. Mshauri wao hodari kuliko wote ni fundi viatu mstaafu anayeitwa Gundi, kwa kuwa akikaa mahali habanduki, na utaratibu wao ni kwamba mgeni huanza kwa kueleza shida zake mwenyewe kabla hajamuuliza mwenyeji neno lolote, jambo ambalo kwetu sisi tuliosoma ni sawa na daktari kuvua shati ili mgonjwa ampime. Gundi huyu alipangiwa babu yangu mzaa mama, ninayeishi naye, aliyefiwa na bibi mwaka jana, na kila Jumanne walikaa barazani wakichokozana kama watoto wa shule. "Leo meno umeyaacha wapi, mzee?" "Yako ndani yamelala, yamechoka kukucheka." Nikipita, wananyamaza. Huo ni ushauri nasaha au ni kijiwe?

Ndipo nikatunga dodoso la maswali kumi, kila jibu likiwa na alama kuanzia sifuri hadi tatu, thelathini zikimaanisha utulivu kamili wa moyo, nikawakusanya wazee wote ishirini na wawili ukumbini pamoja na wageni wao, nikagawa karatasi, nikaitwa kikaoni, na niliporudi nikazikuta zimepangwa vizuri mezani na hakuna mzee aliyepata chini ya ishirini na nane. Babu alipata thelathini. Nikaandika ripoti kwamba wamepona na hawahitaji tena kutembelewa. Mkuu wa zahanati akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, akausimamisha mpango.

Wiki iliyofuata nikakutana na Gundi dukani.

"Mjukuu wangu, hatukukuaibisha," akaniambia huku akitabasamu. "Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alipitia karatasi moja moja. Babu yako alikuwa na nne, akamsahihishia. Hakuna aliyefeli!"

Naam, walidhani ni mtihani. Sasa ni wiki ya tatu, babu hanyoi ndevu, sahani anairudisha kama ilivyokuja, nikikaa naye na kumuuliza kwa utaratibu niliofundishwa hunijibu, "Sijambo, bwana mkubwa," na mama ananiambia, "Mrudishe huyo Gundi wake kabla sijazika baba hapa." Lakini nikiifuta ripoti nitakuwa nimekiri mbele ya zahanati nzima kwamba fundi viatu amenishinda, na waliovuruga utafiti wangu watakuwa wametuzwa kwa kuuvuruga. Je, elimu izipigie magoti porojo? Nadai jibu gazetini, si kwa faragha, ili wasomaji wapime hoja zangu na zako.

Mhitimu


Mhitimu,

Umetaka hadharani, basi pokea hadharani.

Kwanza pole kwa msiba. Barua nzima aliyefiwa ni babu. Yule bibi wewe hakuwa wako? Au huzuni yako nayo umeipa thelathini?

Sasa tubishane. Unasema kusikiliza ni taaluma. Nakubali, na ndiyo maana nakuuliza: ni msikilizaji gani anayewagawia wazee karatasi zenye alama, asiwaambie kwamba hapa hakuna kufaulu wala kufeli, kisha akaenda kikaoni? Watu wa rika lile, karatasi yenye alama chache ilikuwa inarudi na fimbo. Hawakuvuruga utafiti wako. Walisaidiana, kazi ambayo zahanati yako iliwaomba waifanye.

Unasema fundi viatu amekushinda. Kulikuwa na mashindano? Yeye huanza na shida zake, pengine humweleza babu yako kwamba magoti yanamuuma na watoto hawampigii simu. Mzee anaona hayuko peke yake, anafungua mdomo. Wewe ukifika anakuita bwana mkubwa. Ulidhani ni heshima?

Lakini lililonikera hasa ni hili. Tangu siku ile dukani unajua kwamba babu yako alipata nne. Nne kwa thelathini, mwanangu! Na unachokililia ni ripoti. Kukosea dodoso ni ujana, utasamehewa. Kujua umekosea, ukamtazama mzee akirudisha sahani huku wewe ukitunga hoja, hilo usilisingizie ujana.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua faili lolote, ingia kwa mkuu wa zahanati useme, "Ripoti yangu si sahihi, kosa ni langu, naomba mpango urudi." Funga mdomo hapo hapo, nakujua, utataka kuanza kujieleza. Ukitoka, nenda nyumbani kwa Gundi mikono mitupu, umwombe radhi, kisha umwombe aje. Wale wazee wengine ishirini na mmoja uwapitie mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Na usidhani shahada yako haina kazi: mzee atakapomwambia Gundi kwamba hataki tena kuishi, porojo hazitatosha, na hapo Gundi atahitaji mtu aliyesoma wa kumkimbilia. Hakikisha anaweza kukukimbilia bila kuogopa kusahihishwa.

Jioni kaa na babu yako. Usimuulize chochote. Mwambie unavyomkumbuka bibi yako, hata kama sauti itakukatika, halafu nyamaza. Akikaa kimya, nawe kaa. Usiinuke kabla yake.